Sifa za Mkono Unaozima Shawa

Huko Marekani na Uingereza, ugomvi wa joto nyumbani huwa juu ya kitu kimoja tu: thamostati, kile kidude cha ukutani kinachoamua nyumba iwe na joto kiasi gani. Mmoja anapandisha, mwingine anashusha, hata wafanyabiashara wakaona soko na kuanza kuuza visanduku vya plastiki vyenye kufuli vya kukifunikia. Mchokozi wa huko akishafungiwa kidude chake, kazi imekwisha. Wa kwetu Meru na Embu hana kidude. Ana swichi ya shawa, ana dirisha, ana mlango wa jikoni, ana jiko la makaa, na vyote hivyo anavihudumia peke yake bila mshahara, kuanzia Juni hadi Agosti. Hajatungiwa wimbo, hajatajwa kwenye hotuba ya chifu. Leo namsifu mimi.

Lazima kwanza tujue anafanyia kazi wapi. Mgeni akitazama ramani anaona ikweta inapita kando ya mji wa Meru, basi anafunga safari na fulana mbili. Ramani haimwambii kwamba mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, wala kwamba mwezi wa Julai ukungu wa Mlima Kenya unaweza kukaa Embu kutwa nzima, manyunyu yakianguka bila kukubali kuwa mvua, na suruali iliyofuliwa Jumatatu ikawa bado ina unyevu Alhamisi. Katika hali hiyo vijana wanne tunapanga nyumba moja. Mmoja katoka Ishiara, kule Mbeere kwenye jua, na kofia ya mavin haimtoki kichwani hata kitandani. Mwingine katoka Timau, kwenye upepo wa mashamba ya ngano, anaoga alfajiri huku anaimba, kisha analalamika kwamba chumba kinamziba pumzi. Hawa wamezaliwa na thamostati zao ndani ya mifupa, na hazifunguliki kwa bisibisi.

Huyo wa Timau ndiye shujaa wetu.

Kipaji chake kiko kwenye swichi ya shawa. Mafundi huiweka nje ya mlango wa bafu, juu kidogo, ile kubwa yenye kitaa chekundu, kwa kuwa stima na maji havipatani. Busara ya fundi ndiyo iliyompa bwana huyu kiti cha enzi. Wewe uko ndani, umejipaka sabuni tangu utosini, macho umeyafumba, maji ni ya moto vizuri. Unasikia mlio mdogo, ta!, na kabla hujauelewa unashukiwa na maji yaliyotoka mlimani juzi. "Ngai! Nani amezima?" Sauti tulivu inajibu kutoka sebuleni: "Pole, msee, nilidhani umemaliza."

Hebu pima ukubwa wa tendo hilo. Mto Rupingazi unapita Embu ukiwa wa baridi, unaungana na Thiba, na Thiba unamwaga maji yake katika bwawa la Kamburu. Hapo yanazungusha mitambo, yanashuka Gitaru, kituo cha megawati 225 ambacho ndicho kikubwa kuliko vyote vya nguvu za maji nchini, kisha Kindaruma, kisha Kiambere. Taifa lilimaliza Kindaruma mwaka 1968 na Kiambere mwaka 1988. Miaka 20 ya saruji na madeni, nyaya zikapandishwa milimani, ili mtu wa Embu apashiwe maji moto bafuni. Na mtu mmoja, mswaki mdomoni na soksi zisizolingana, anabatilisha yote kwa kidole cha shahada. Ni waziri gani wa kawi aliyewahi kuwa na mamlaka kama hayo?

Tena hesabu iko upande wake, na hilo ndilo linalouma. Shawa ya kilowati 5.5 inakula uniti nzima kwa dakika 11. Kijana wa Ishiara hatoki humo kabla ya nusu saa. Mita ikianza kulia usiku wa manane, ni nani anayeamka, anayenunua tokeni kwa simu, anayebonyeza zile tarakimu 20 gizani na kukosea na kuanza upya? Yuleyule.

Mbinu za kumzuia zote zimempa sifa zaidi. Ilibandikwa karatasi: USIGUSE. Aliigusa, ilikuwa imepinda. Ilizungushiwa utepe wa gundi. Aliubandua kwa sababu, alisema, vitu vya stima havifai kufunikwa, na alisema kweli. Akaitwa fundi ahamishie swichi ndani ya bafu. Fundi akatutazama sote mmoja mmoja, akauliza kama wazazi wetu wanajua tunavyoishi, akaondoka.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Usiku wa baridi kali, wakati wenzake wameingiza jiko la makaa chumbani, wamefunga dirisha na kuziba upenyo wa mlango kwa gunia, ni huyuhuyu anayeingia bila kubisha, analibeba jiko hadi uani na kulifungua dirisha wazi. Anatukanwa kwa Kimeru, kwa Kiembu na kwa Kiswahili sanifu. Yeye anazungumzia hewa safi tu. Lakini makaa yakiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Anayeivuta huumwa kichwa, husinzia, na anaweza asiamke tena. Kila msimu wa baridi nchini tunasikia habari za watu waliokutwa hivyo asubuhi, jiko likiwa katikati yao. Waliosikia kero ya dirisha kufunguliwa waliamka kulalamika.

Kwa hiyo, ukiwa na mwenzako wa namna hii, mwachie dirisha na jiko, usimguse. Swichi ya shawa ndiyo mnyang'anye, na tokeni zijazo ununue wewe.