Shemeji na Unga wa Mizizi

Shemeji yangu, mtu wa Tanga mwenye adabu nyingi na subira haba, alirejea siku moja kutoka Dar es Salaam na kikopo cha unga mweupe, amekishika kwa taadhima kama amana ya yatima, akatangaza barazani, hata viatu hajavua, kwamba mwaridi wa dada yangu, uliokuwa ukihusudiwa na mtaa mzima, utazaa miche tele kabla mwezi haujaandama.

Karatasi ya ubavuni iliagiza kuchovya ncha ya chini tu ya kila kijiti kilichokatwa, kisha kukung'uta unga unaozidi. Na huko kukung'uta shemeji alikuhesabu kuwa ni ubahili. Unga wenyewe ni wa jamaa ya oksini, homoni ambayo mmea huitengeneza vileleni na kuiteremsha shinani, na ambayo Frits Went, kijana wa Utrecht, Uholanzi, aliinasa mwaka 1926 katika vipande vya agari alivyoviwekea vilele vya miche ya oti. Kijiti kikipata chembe zake huota mizizi penye jeraha. Kikizidishiwa husawijika, na macho yake hugoma kuchipua. Ukoo huu una mkunga na mnyongaji, maana 2,4-D, ndugu yake wa maabara, huuzwa kwa kuua magugu.

Hayo nilimweleza, naye akanijibu kwamba ikiwa chembe huotesha kwa wiki tatu, kijiko kitaotesha kwa siku tatu. Basi akavigaragaza vijiti utosini hadi unyayoni. Na kwa kuwa alikwisha kuipurura miiba yote isimchome, asijue tena juu ni wapi, vingine akavipanda miguu juu. Kila asubuhi, baada ya chai, alikichomoa kimoja, akakikagua kitako kwa miwani, akakirudisha.

Vyote vilioza. Ila vigingi vinne vya mbono-kaburi, alivyovikata njiani na kuvikita pembeni kuzuia mbuzi, visivyoonja hata vumbi la dawa, vilitoa majani mabichi kabisa.

"Mwaona?" akasema shemeji kwa furaha. "Unga umefanya kazi, umepotea njia tu."

Dada yangu, aliyekuwa akichambua mchicha, hakuinua uso. "Baba Mwanaidi," akamwuliza kwa upole, "na ule wa kuotesha haya, hawakuwa nao dukani?"