Namna ya Kuelea Mtoni kwa Tyubu ya Lori Mfuko Ukiwa Mwepesi

Mji wa mpakani wa Malaba una utajiri ambao hoteli za watalii hazina: malori. Yametoka bandari ya Mombasa, yamepanga foleni kuingia Uganda, na mengine yataendelea hadi Rwanda, Kongo na Sudan Kusini. Palipo na malori pana pancha, na palipo na pancha pana fundi mwenye rundo la tyubu kuukuu nyuma ya kibanda chake. Anza safari yako hapo, kwa sababu hakuna mahali pengine njiani utakapookoa pesa nyingi kiasi hicho.

Msalimie fundi kwanza. Anayeteremka garini na kuuliza bei kabla ya salamu atapewa bei ya mgeni, na anaistahili. Uliza hali ya kazi, uliza foleni imeamkaje leo, kisha sema ukweli wako: "Fundi, natafuta tyubu ya lori ya kuelea nayo mtoni." Atacheka, atawaita na wenzake waje wasikie. Waache wacheke, mtu aliyefurahi hapandishi bei. Taka saizi ya 1000-20, iliyozoeleka sana kwenye malori kabla ya tairi zisizo na tyubu kuenea. Mtu mzima hukaa humo miguu ikining'inia bila kubanwa. Mwombe aijaze upepo, aizamishe kwenye karai la maji na kuizungusha polepole huku nyote mkitazama mapovu. Ikiwa na kiraka kimoja, ichukue. Ikiwa na vinne, mwachie aikate blada za kufungia mizigo ya baiskeli.

Ile valvu ndefu ya chuma usiidharau. Izungushie kitambaa na uikaze kwa blada, la sivyo itakukwaruza mgongo safari nzima. Upepo nao usizidi, kwa kuwa hewa hupanuka juani na tyubu isiyo na tairi la kuizuia huvimba upande mmoja. Ukisharidhika, itoe upepo, ikunje, itie mkobani.

Sasa mto. Mwenye bajeti finyu atauona Mto Malaba pale pale, maji ya bure, na moyo utamdunda. Autulize. Mto ule unashuka kutoka Mlima Elgon na pale mjini ndio mpaka wenyewe. Ukielea katikati yake, mkono wako wa kushoto uko Kenya na wa kulia uko Uganda. Mbele kidogo mto unaiacha Kenya kabisa, unaingia Uganda kuelekea Mto Mpologoma na Ziwa Kyoga, nawe ukiwa juu ya tyubu umevaa kaptura, bila kupita kwa afisa wa uhamiaji. Kuingia nchi ya watu nje ya kituo rasmi ni kosa la kisheria, na faini yake itameza akiba yote uliyoipata kwa fundi.

Basi Mto Sio? Sio hushuka kutoka upande wa Bungoma, hupita kaunti ya Busia na kuishia Ziwa Viktoria karibu na Sio Port. Sehemu yake ya chini nayo ni mpaka, na kadiri unavyokaribia ziwa ndivyo unavyoingia makao ya viboko na mamba. Kiboko hajali kwamba uko likizo. Pale wanapochota mchanga wa kujengea kuna mashimo yasiyoonekana kutoka juu: hatua moja maji yako magotini, hatua ya pili yamepita kichwa. Msimu wa mvua, Machi hadi Mei, mvua inaweza kunyesha milimani huku wewe uko juani unajipaka mafuta, na mto ukajaa ghafla. Nzoia, jirani yake wa kusini, umewahamisha watu wa Budalangi mara nyingi licha ya kingo zilizojengwa kuuzuia. Mito hii inastahili heshima, na mimi simshauri mtu yeyote aingie humo na tyubu peke yake.

Nenda Jinja, Uganda. Ni kama kilomita 120 kutoka mpakani, na kijiografia bado unayafuata maji yale yale. Sio unamwaga maji yake ziwani, na ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao uko Jinja, pale Nile inapoanzia. Nile ikifika Kyoga inakutana na maji ya Malaba yaliyopitia Mpologoma. Mito miwili ya kaunti moja inaagana nyumbani na kukutana ugenini. Tangu bwawa la Bujagali kwenye Nile hapo Jinja lianze kuzalisha umeme mwaka 2012, maji yaliyo juu ya ukuta wake yametulia, na mjini kuna waongozaji ambao kazi yao ni kuelea na watu. Uliza bei ukiwa na tyubu yako, kisha uliza bei bila tyubu. Wakikataa tyubu ya Malaba, usibishane. Wao wanaujua mto.

Kuvuka ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mkenya huingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014, na kituo cha pamoja cha mpakani mjini Busia, kilichozinduliwa rasmi 2018, hukugongea mihuri ya nchi zote mbili chini ya paa moja. Angalia kadi zako za njano, ambazo ni mbili: ya COMESA ni bima ya gari, ya chanjo ya homa ya manjano ni ya mwili wako. Wasafiri huzichanganya, na hakuna inayofanya kazi ya mwenzake. Kama mko wawili tu, liache gari Busia mahali penye mlinzi, mpande matatu za upande wa pili, ambazo wenyewe huziita teksi. Pesa badilisha kidogo, hesabu mbele ya aliyekubadilishia. Afisa akiuliza lile dude jeusi mkobani ni nini, mwambie ni la kuogelea. Ukweli hauna ushuru.

Bana matumizi kwenye chakula bila huruma. Kula ugali wa muhogo na mtama kwa omena kabla ya kuvuka, na rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, baada ya kuvuka. Wateso wakikukaribisha ajon, kile kinywaji cha wimbi kinachonywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, kubali kwa shukrani, lakini jioni, mkishatoka majini.

Vitu viwili usivipunguzie hata shilingi: jaketi la kuokoa maisha na mwongozaji. Asiye na pesa ya hivyo akae ukingoni apige picha za wenzake, na arudi mwaka ujao. Pia, ziwa na mto vina kichocho. Jikaushe mara utokapo, kisha ukapimwe baada ya wiki kadhaa. Dawa yake, prazikwanteli, haiui vizuri minyoo ambayo bado ni michanga, hivyo kuinywa siku ile ile hakusaidii.

Na hapa nawageukia viongozi wa kaunti ya Busia. Tyubu zipo, mafundi wapo, vijana waliokulia kandokando ya Sio wapo, na wasafiri wanapita kila siku wakipeleka pesa zao Jinja. Sagana, kwenye Mto Tana, wageni hulipa kushuka maji makali kwa mashua za mpira. Chagueni kipande kimoja cha Sio kilicho mbali na mpaka na mbali na viboko, kipimwe kina, mashimo ya mchanga yazungushiwe alama, na vijana wafunzwe uokoaji, wapewe jaketi na leseni. Siku hiyo nitaandika mwongozo mwingine, mfupi kuliko huu.