Baba Yangu Alimeza Sungura

Jumapili saa kumi na mbili jioni mimi nina kazi moja tu duniani: kukaa kwenye kochi, upande ule uliobonyea, miguu juu ya stuli, nikisubiri mpira. Nimefanya kazi siku sita. Nimebanwa kwenye daladala siku sita. Sidai makubwa. Lakini nyumba yenye wanafunzi watatu haina Jumapili jioni. Wiki nzima ukiwauliza kazi ya shule wanakujibu "tumemaliza baba" bila hata kugeuza shingo. Jua la Jumapili likishazama ndipo madaftari yanapotoka kwenye mabegi kama kumbikumbi baada ya mvua.

Mama yao ana akili kuliko mimi. Kikao chake cha vikoba huanza saa kumi na moja na nusu na huisha nyumbani pakishatulia. Nimemuuliza mara nyingi kikao gani hicho kisicho na ratiba ya kufungwa. Ananijibu kwamba akina mama wana ajenda nyingi.

Nikaanza na kitinda mimba, nikijua darasa la tano ni mteremko. Siku hizi wana somo linaloitwa Historia ya Tanzania na Maadili. Akaburuta kigoda, akakaa mbele yangu na kalamu mkononi kama ofisa uhamiaji.

"Baba, mwalimu kasema tutafute mzee tumhoji."

"Si yupo yule mzee wa kahawa nyumba ya tatu?"

"Kule kuna foleni. Nusu ya darasa iko kwake."

Hivyo ndivyo nilivyopewa uzee, kwa kukosekana mwingine. Swali la kwanza: wakati wa Wajerumani mlikuwa mnakula nini? Nikamwambia mwanangu, Wajerumani waliondolewa hapa na Vita vya Kwanza vya Dunia, mimi nimezaliwa 1975. Akainama akaandika. Nikachungulia. Ameandika: "Mzee hakumbuki."

Swali la pili lilihusu fedha za zamani, na hapo nikachangamka, kwa sababu fedha za zamani ndizo pekee nilizowahi kuwa nazo. Nikamweleza kwamba zamani sisi na Kenya na Uganda tulitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki, mpaka Juni 1966 Benki Kuu yetu ilipofungua milango na tukaanza kutumia ya kwetu. Nikamchorea sarafu. Upande mmoja kichwa cha Mwalimu. Upande wa pili, senti tano ilikuwa na samaki, senti ishirini mbuni, senti hamsini sungura, na shilingi mwenge. Nikamwambia habari za shilingi tano, ile tuliyoiita dala, na jinsi nauli ya dala moja ilivyoyapa magari yetu jina la daladala. Mtoto akawa anaandika kwa kasi, ulimi nje. Raha ikanizidi. Nikaharibu.

Nikamsimulia siku ile ya mwaka 1981, nikiwa na miaka sita, nilipotumwa mafuta ya taa. Mkono mmoja chupa, mwingine ninashikilia kaptura isiyo na kifungo, kwa hiyo senti hamsini nikaiweka mdomoni. Nikajikwaa kwenye mzizi wa mwembe, sungura akashuka. Bibi yake, Mungu amrehemu, hakupiga kelele. Alinilisha ndizi mbivu na kuniketisha juu ya kopo siku mbili. Alikuwa anataka pesa yake.

Jumatano daftari likarudi. Sentensi iliyoonekana kumvutia zaidi mwalimu ilipigiwa mstari: "Mwaka 1981 baba yangu alimeza sungura. Bibi alimsubiri siku mbili." Pembeni, kwa wino mwekundu: "Je, alitoka mzima?" Mpaka leo sijui aliniulizia mimi au sungura. Alimpa saba juu ya kumi.

Hayo ndiyo ya mdogo. Kifungua mimba wangu, binti, yuko kidato cha tatu, na huyo ndiye ugonjwa wangu wa moyo hasa. Anasoma fasihi. Enzi zetu fasihi ilikuwa unakariri dhamira tano, unaingia chumba cha mtihani, unazitapika, unatoka mwepesi. Huyu anaiishi. Hakuna linalotoka mdomoni mwangu bila kupewa jina. Baba mwenye nyumba alipopiga simu nikamwambia, "Mzee wangu, mambo hayajakaa sawa kidogo," kutoka jikoni nikasikia: "Tafsida!" Nikaendelea, "Kesho, mzee wangu, kesho kabisa, kesho." Sauti ileile: "Takriri!" Nikasema nimetafuta hiyo hela dunia nzima. "Mubalagha!" Baba mwenye nyumba akauliza nani huyo anayepiga kelele. Nikasema redio.

Muhula huu ameshika *Kinjeketile*, ile tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyotoka 1969. Nikafurahi, hiyo naijua. Shuleni kwetu tuliigiza, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliokufa, tena nilikufa vizuri mpaka mwalimu wa zamu akaja kunitikisa. Basi binti aliponiuliza habari za Vita vya Majimaji nikajiachia. Nikamweleza maneno ya Kinjeketile, hasira zake, wasiwasi wake usiku wa manane, kana kwamba nilikuwa nimelala chumba cha pili. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa. Kisha akasema:

"Baba, hayo yote ni ya kwenye tamthilia. Mwandishi mwenyewe ametahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni wa kubuni. Wa kwenye historia Wajerumani walimnyonga Agosti 1905, vita ndiyo kwanza vinaanza, na viliendelea mpaka 1907. Sasa hizo habari za usiku wa manane umezitoa wapi?"

Nikasema nimezitoa kwa wazee. Akauliza wazee gani. Nikaomba maji ya kunywa.

Usiku huohuo nilimsikia akimfundisha mdogo wake wahusika. Mhusika duara, anasema, hubadilika kadiri hadithi inavyokwenda, ana sura nyingi, huwezi kumtabiri, mfano mama. Mhusika bapa ni yuleyule mwanzo hadi mwisho. Mdogo akaomba mfano. Kimya kidogo. Kisha wote wawili wakageukia kochi.

Wa kati ni mvulana, kidato cha kwanza, na amejiunga na muziki. Mimi sina ugomvi na muziki, nina ugomvi na kelele na njaa. Nikamkalisha nikamuuliza, mwanangu, ni nani umemwona kala kwa kuimba? Alikuwa amejiandaa, nadhani wanapeana majibu shuleni. Akanitajia Siti binti Saad, aliyeanza maisha kwa kutembeza vyungu Unguja, na mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurekodi santuri. Akaongeza kwamba Shaaban Robert aliona maisha yake yanastahili kitabu kizima, akamwandikia wasifu. Nikasema hao ni watu wa pwani, wana vipaji vya bahari. Akanitajia Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, ambako bahari huiona kwenye ramani, aliyezunguka dunia na zeze na ilimba mpaka lebo ya Peter Gabriel ya Uingereza ikatoa santuri zake. Nikakosa la kusema. Kosa langu kubwa, nikakosa na la kukataza.

Kazi yao ya muhula ilikuwa kutengeneza ala ya asili kwa vifaa vinavyopatikana nyumbani. Ninyi wazazi wenzangu, mkiona sentensi hiyo kwenye daftari, fungeni milango. Kijana akachagua zeze. Zeze linataka kibuyu. Akachukua kile cha maziwa tulicholetewa kutoka Singida. Zeze huchezwa kwa upinde, na upinde unataka nywele. Mama yake wakati huo alikuwa upande wa sanaa, ananiambia, "Baba watoto, mwache mtoto akuze kipaji." Aliuacha upande wa sanaa siku alipotaka kwenda kusuka na kukuta pakiti ya rasta ina nusu.

Nyuzi za zeze sikuziulizia. Ziling'aa, zilikuwa nyembamba, zilitoa sauti nzuri ya kulalamika, nikasema sawa, ameokota mahali. Jumamosi asubuhi nikapanda baiskeli yangu kwenda kutafuta utumbo. Njia ya sokoni ina mteremko mmoja mrefu wenye mama muuza nyanya chini yake. Nikabana breki ya mbele. Kishikio kikaja chote mpaka kwenye usukani, laini, kama kinanisalimia. Nikabana ya nyuma. Nayo ikanisalimia. Katika zile sekunde chache nilielewa mambo mengi kuhusu muziki. Nilielewa, kwa mfano, kwa nini zeze lile lilikuwa na nyuzi mbili.

Nyanya nilidaiwa sado tatu. Kijana amepata alama ya juu kabisa darasani.

Sasa nije kwenye fedha, ambako nilidhani nitapumzika, maana mtu asiye na fedha anaulizwa nini? Binti huyohuyo wa fasihi anasoma pia utunzaji wa hesabu. Vitabu vyao ni vya Kiingereza, ila ubishi wanaufanya kwa Kiswahili. Akaanza kunihadithia Luca Pacioli, Mwitaliano aliyechapisha kitabu kule Venice mwaka 1494, akaeleza humo namna ya kuandika kila senti mara mbili, inakotoka na inakokwenda. Huyo Pacioli alikuwa mtawa wa Kifransisko. Hebu nisaidieni hapo: mtu ameapa mbele ya Mungu kuishi bila mali, halafu anatufundisha sisi wengine kuhesabu mali. Ndiyo maana alikuwa na muda.

Kitabu hichohicho kina mbinu ya 72. Chukua 72, gawanya kwa riba, unapata muda ambao deni litakuwa limejizaa mara mbili. Binti akaomba mfano wa kweli, na mimi kwa ujinga wangu, nikiwa na jicho moja kwenye mpira, nikamtajia mkopo wangu wa laki mbili. Wa wapi? Wa kausha damu. Riba? Asilimia 20. Kwa mwaka? Kwa mwezi, mwanangu. Akaweka kalamu chini, akaniangalia kama nesi anavyomwangalia mgonjwa aliyechelewa kuja. Akaiokota tena. Sabini na mbili kwa ishirini, tatu nukta sita. Maana yake nisipolipa, na riba ikawa inazaa riba, mwezi wa nne haujaisha nimeshapita laki nne. Akaendelea mpaka mwezi wa kumi na mbili bila kuombwa: shilingi 1,783,220. Alipigia mistari miwili chini, kama walivyofundishwa. Simba walifunga bao wakati huo. Sikuliona.

Nikajaribu kuhamisha mazungumzo. Nikasema hizo ni hesabu za Wazungu, sisi pwani hii tulikuwa na heshima zetu za fedha tangu zamani. Nilikuwa nabahatisha, lakini nilikuwa nimebahatisha kwa mtu asiyesahau kitu. "Kweli baba," akasema. "Masultani wa Kilwa walifua sarafu zao za shaba, na maneno ya upande mmoja yalikuwa na kina kimoja na ya upande wa pili." Yaani ushairi, unalipia samaki. "Na mwaka 1944 mwanajeshi mmoja wa Australia aliokota tano kati ya hizo kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa ya nchi yao."

Nikakaa nalo hilo. Senti ya shaba ya Kilwa imevuka Bahari ya Hindi yote ikafika Australia. Mshahara wangu haujawahi kuvuka tarehe kumi na tano.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa mizania ya kaya. Aliiandika kwenye karatasi mbili zilizogundishwa, kwa rula, na kwa hati nzuri ambayo kwangu hakuirithi. Upande wa mali: friji isiyogandisha, televisheni, cherehani ya mama, zeze. Zeze lile lilithaminiwa kuliko baiskeli, na nilipohoji akanijibu kwamba baiskeli haina breki. Upande wa madeni ukajaa mpaka ukazunguka nyuma ya karatasi: Mangi wa dukani, baba mwenye nyumba, ada, kausha damu, sado tatu za nyanya. Nikatafuta jina langu kwenye mali. Halikuwepo. Nikashukuru kwamba kwenye madeni pia halikuwepo. Nilikuja kulikuta chini kabisa, kwenye mstari wa uchakavu, kati ya kochi na friji.

Mama yao ameisoma, akasema mtoto ana kipaji, akaibandika ukutani mkabala na pale ninapokaa.

Nimesikia muhula ujao darasa la kijana wangu wa kati linaendelea na ala za asili, na kwamba yeye anawazia marimba, ambazo zinataka mbao. Kitanda changu ni cha mninga. Mwalimu wa muziki, popote ulipo, nakuomba kama mzazi: wafundishe kuimba. Kuimba hakutaki vifaa.