Kichwa Ni Chako, Mashine Ni Yao

Wiki hii mkoba wa barua umejaa nywele. Sishangai. Tangu niseme hadharani kwamba kichwa changu kimepita mikononi mwa vinyozi wa Kirongwe, Kilindoni, Unguja, Lamu, Mombasa na Muscat, Mafia kaskazini nzima haijalala. Nitawajibu kwa zamu, kwa haki, na kwa ufupi wangu unaojulikana.

*Shikamoo Mshauri. Naoa mwezi ujao. Hapa Kirongwe kuna mzee anayenyoa chini ya mwembe, kuna saluni ya vijana, na wenzangu wananishauri niende Kilindoni kwenye saluni yenye kiyoyozi. Ninyoe wapi? – Bwana Harusi Mtarajiwa, Kirongwe*

Marahaba mwanangu, na hongera. Swali lako ni dogo, lakini umelileta kwa mtu mkubwa, kwa hiyo itabidi lisubiri.

Tuanze na mimi. Mimi sina nywele. Zilijiondoa zenyewe zamani, kwa hiari, baada ya kuona hazina la kuongeza kwenye sura hii. Siku hizi nikivua kofia jua linapozama, manahodha wanaopita Ras Mkumbi hupata taabu kuamua wafuate mnara upi, ule wa taa aliouacha Mjerumani au huu wangu. Wapo wanaouliza: mtu mwenye kipara atashauri nini juu ya kunyoa? Mwenye nywele ana maslahi yake, bwana. Hakimu ni mimi.

Haya, mzee wa mwembeni. Huyu anatumia mashine ya mkono, ile ya kubana na kuachia, ambayo nywele nusu huzikata na nusu huzing'oa. Anakufunga kanga kuukuu shingoni, kisha anakupa kipande cha kioo ukishike mwenyewe, kwa hiyo ukiharibiwa huna wa kumlaumu: ulikuwa ukitazama ukanyamaza. Kuku wanapita miguuni wakikagua kinachoanguka. Hana bango, hana mitindo. Ukikaa tu anakuuliza swali lake moja la tangu ujana wake: "Zote?" Unajibu ndiyo, maana hajajiandaa kwa jibu jingine. Buku unalipa, na salamu za nyumbani unapelekewa bure.

Sifa yake kubwa ni kwamba hajali umeme. Kisiwa chetu kwa miaka na miaka kimewashwa kwa majenereta ya dizeli, mbali na gridi ya taifa, na jenereta nayo ina siku zake za kununa. Mzee wa mwembeni hakatikiwi. Jua likizama, kazi imekwisha.

Saluni ya vijana ni habari nyingine. Ukutani kuna bango la vichwa vyenye namba. Unachagua namba 14, kijana anatikisa kichwa kwa heshima, muziki unaongezwa sauti, na baada ya nusu saa unatoka na panki ileile aliyotoka nayo aliyechagua namba 3. Mashine yao ni ya umeme, kitu alichokibuni Leo Wahl wa Sterling, Illinois, huko Marekani, mwaka 1919, bila kuja kuniuliza. Angeuliza ningemwambia aiwekee betri kubwa. Umeme wa Kirongwe ukikatika wakati upande wa kushoto umekwisha na wa kulia bado, huna budi kuvaa baraghashia mpaka urudi. Namjua mtu aliyevaa baraghashia kwa siku tatu, akasifiwa msikitini kwa kuongeza ucha Mungu.

Halafu mpira. Kabla hujakaa, chunguza kinyozi ni wa Yanga ya 1935 au Simba ya 1936, na uwe wa timu hiyohiyo mpaka utakapovuliwa kitambaa. Mtu ameshika wembe juu ya koromeo lako, wewe unaanza habari za penalti? Siku ya dabi usinyoe kabisa. Bao likiingia mashine huruka juu pamoja na mwenye kuishika, na inaposhuka hairudi pale ilipokuwa.

Kijana atakushawishi pia uweke kiduku. Kama baba mkwe ni mtu wa swala tano, na hapa kwetu wengi ndio hao, atakukumbusha kwamba Mtume alikataza kunyoa sehemu ya kichwa na kuacha sehemu. Ataanza kwa hadithi, atamalizia kwa kupandisha mahari. Kijana vilevile atataka kukuchonga kisogo kwa wembe mpaka ngozi ing'ae. Kataa. Nywele zetu hizi za kujikunja zikikatwa chini sana hurudi ndani ya ngozi, na hapo ndipo vinaota vile vinundu vya kisogoni ambavyo watu huvifunika kwa kola. Mwambie aache kivuli kidogo. Kisogo changu mimi ni laini mpaka leo. Wageni wa Utende wanaokuja kutazama samaki wameniomba nikipige picha, nikakataa.

Kilindoni sasa. Pale kuna kiyoyozi, kiti kinachopanda na kushuka, taulo la moto, skrabu ya uso, na supa blaki ya ndevu kwa waliokwishaanza kudanganya umri. Unakandwa mabega. Unapuliziwa manukato ambayo hujayaomba. Unatoka umekuwa mtu mpya, unapanda bodaboda kurudi Kirongwe, na vumbi la njiani linakupokea. Skrabu inaishia Baleni. Nyumbani unafika na rangi ya barabara na harufu ya petroli, na buku tano hazirudi.

Lakini yote hayo si kitu mbele ya Muscat. Kule vinyozi wengi ni watu wa India, Pakistani na Bangladeshi, na hawakuachii mpaka wamekukanda kichwa, wamekupiga makofi ya mgongo, na wamekizungusha kidevu chako ghafla hadi shingo ilie kwa! Mara ya kwanza nilidhani ninauawa kwa bei nafuu. Yule bwana alipomaliza akanitazama kwenye kioo kwa muda mrefu. Hakusema kitu. Nimekwishaamua kwamba alikuwa anastaajabu.

Na usidhani ujuzi huu nimeuokota ukubwani. Waingereza walipoiteka Mafia Januari 1915, wakaleta na ndege zao kuiwinda Königsberg, ile manowari ya Kijerumani iliyojificha kwenye delta ya Rufiji, marubani wale walikuwa na ndevu kama binadamu wengine. Nani aliwanyoa? Vitabu vimenyamaza. Lakini babu yangu alikuwa na wembe, na Julai 11 mwaka huohuo manowari ile ilikuwa imekwisha kazi. Mimi sisemi zaidi.

Unasubiri jibu? Nenda popote moyo wako utakapo, ila wembe ununue mwenyewe dukani na ufunguliwe mbele ya macho yako. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa hai nje ya mwili hata siku 7, na wembe wa jana una damu usiyoiona. Mashine ifutwe kwa spiriti na iachwe ikauke kabla haijakugusa. Spiriti ya asilimia 70 inatosha, tena inaua vijidudu kuliko ile kali ya karibu asilimia 100, kwa kuwa inahitaji maji kidogo ili ipenye. Kinyozi akinuna ukimwomba hayo, nyanyuka. Nyoa siku mbili au tatu kabla ya akdi ili vipele vitulie. Mengine kamuulize mama mkwe.

*Asalaam aleikum Mshauri. Mwanangu wa darasa la 3 alinyolewa pamoja na wenzake, sasa ana madoa ya duara kichwani, yanawasha na nywele zimekatika. Jirani ananiambia nimpake sifa. Nifanyeje? – Mama wa Kanga*

Waaleikum salaam, mama. Nimesoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimevutiwa na mwandiko.

Madoa hayo yamenikumbusha papa potwe, wale wanaokuja karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba na kuwaleta Wazungu na vioo vyao vya kuzamia. Wasomi wanaowafuatilia hawawavishi vitambulisho vya NIDA. Humtambua kila mmoja kwa mpangilio wa madoa ubavuni, maana hakuna wawili wanaofanana. Kwa hiyo usiwe na hofu, mwanao hawezi kupotea.

Kuhusu sifa, jirani yako ana busara lakini ameielekeza pasipo. Sifa ni mafuta ya samaki ya kupaka majahazi. Ukimpaka mtoto, kichwa hakitavuja kamwe, hata kusi ivume vipi, ila shuleni atakaa dawati la peke yake na paka wa Kanga wote watamsindikiza nyumbani. Mimi nina dawa zangu kumi na nne. Mojawapo inahitaji makumbi ya nazi ya mwezi mchanga, jiwe kutoka magofu ya Kua, na mtu aliyelala chali asiyeuliza maswali. Imewaponya wengi, ingawa kila mmoja alikuwa anaumwa kitu kingine. Nyingine niliibuni chooni, na mpaka leo mganga mmoja wa Jibondo hanisalimii kwa wivu.

Lakini mtoto ni mtoto. Hayo ni mapunye, mama, wengine huyaita mashilingi. Ni ukungu, si uchawi wala uchafu wako. Unahama kutoka kichwa kimoja hadi kingine kwa mashine isiyosafishwa, kwa kitana na kwa kofia ya kuazimana, na watoto wakipangwa foleni kunyolewa kwa mashine moja siku moja kabla shule haijafunguliwa, ukungu nao unapanga foleni. Krimu ya dukani peke yake haitoshi, kwa sababu ukungu umeingia ndani kwenye shina la nywele. Mpeleke zahanati. Atapewa vidonge, mara nyingi ni griseofulvin, vinavyopimwa kwa uzito wake, na atavimeza kwa wiki 6 hadi 8 bila kuacha hata akiona amepona. Vidonge hivyo mwili huvipokea vizuri zaidi vikimezwa na chakula chenye mafuta. Sasa niambie, ni wapi duniani dawa hiyo inafaa kuliko Mafia? Wali wa nazi, samaki wa kupaka, kidonge. Wataalamu waligundua hilo maabarani; marehemu bibi yangu angewaambia jikoni.

Kagua na vichwa vya ndugu zake. Kitana kila mtu na chake. Kinyozi mwambie taratibu, bila kelele, kwamba mashine yake inahitaji spiriti baada ya kila kichwa, na kama hajui spiriti inauzwa wapi, mpelekee kichupa. Wengi hawakatai. Hakuna aliyewahi kuwaambia.

Sifa mwachie fundi wa majahazi.

*Mshauri nisaidie! Dawa ya nywele iko kichwani SASA HIVI, inaunguza, na msusi ametoka kwenda kununua vocha. Nifanye nini? – Mwenye Haraka, Baleni*

Dada yangu, tulia. Haraka haijamfaa mtu, na nywele za mwanamke zina historia ndefu katika nchi hii, ambayo nisipokueleza mimi hakuna atakayekueleza.

Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia Januari 1, 1969, vimini, mawigi, suruali za kubana na vipodozi vya kuchubua ngozi vikapigwa marufuku. Vijana wakasimama barabarani Dar es Salaam kukagua watu. Shangazi yangu alikuwa na wigi moja, la Kariakoo, jeusi, la kupendeza kuliko mume wake. Alilileta Mafia kwa jahazi, akalificha kwenye chungu darini. Kuku akaliona akalipenda, akaatamia. Vifaranga kumi na mmoja walitotolewa ndani ya wigi lile, na nasikia wote walitembea kwa maringo. Ndipo nilipojifunza, nikiwa bado mdogo lakini tayari nina akili kupita umri, kwamba mwanamke wa pwani hahitaji dawa ya kunyoosha nywele. Anahitaji mafuta ya nazi, mkono mwepesi, na msuko wa twende kilioni uliokazwa kiasi, siyo ule unaovuta nyusi mpaka kwenye paji. Ule wa kuvuta hung'oa nywele za mbele, na zikizoea kung'oka hazirudi tena. Kuhusu kubana huko nina mengi ya kusema, na nilikuwa nimekusudia kuanza na

Naambiwa nafasi imekwisha. Dada, osha! Sasa hivi, kwa maji mengi ya baridi, bila kusugua wala kukwaruza, suuza na uendelee kusuuza mpaka moto utulie, kisha ile shampuu ya kukata dawa kama ipo. Ikiingia jichoni, maji tu, mengi, halafu zahanati. Malengelenge yakitokea, zahanati vilevile, usiyatumbue. Na barua za namna hii, tafadhali, usizitume kwa posta.