Katibu, Hicho Kitu Kinalia Nini?

Jana jioni niliinyanyua laptopu ili mwenyekiti aone vizuri jedwali la ahadi, ikasema "tk!" Kikao kizima kikanyamaza. Nikaiinamisha kidogo, ndani kikapita kitu kinachobingirika, krrr, kikagota pembeni. Shangazi wa bwana harusi, aliyeketi jirani yangu, akavuta mkoba wake akahamia kiti cha tatu.

"Katibu, hicho kitu kinalia nini?" akauliza mwenyekiti.

Nikasema ni kawaida, nikaigeuza tena kumthibitishia. Tk! Krrr. Hapo mweka hazina, ambaye mchango wake mwenyewe ungali ahadi tangu kikao cha kwanza, akasimama kwa hoja ya utaratibu: kumbukumbu za michango haziwezi kukaa ndani ya chombo kinachokata roho mbele ya wajumbe. Mjomba mmoja akataka kujua kama hakuna mjusi aliyeingilia kwenye vitundu vya feni, maana kwake mjusi aliwahi kuua redio. Hoja ikapita bila kupingwa. Kijana akatumwa dukani kununua kaunta buku, na mimi, katibu mwenye jedwali linalojijumlisha lenyewe, nikakaa mpaka usiku nikinakili kwa kalamu ahadi za ukoo mzima, jina kwa jina, huku mweka hazina akinisomea kwa sauti na kunihimiza niongeze kasi. Alipofika kwenye jina lake aliliruka.

Kilichoniuma zaidi ni ile "tk", kwa sababu ndiyo sauti ya afya. Ndani ya laptopu za umri wa yangu kuna hadi diski ya kuzunguka: sahani nyororo, kipenyo chake hakifiki sentimita 7, inayokwenda mizunguko 5,400 kwa dakika. Piga hesabu. Ukingo wa sahani hiyo unakimbia zaidi ya kilomita 60 kwa saa. Dereva wa daladala akipita na mwendo huo kwenye makazi ya watu, ambako kikomo ni 50, trafiki anamsimamisha. Juu ya sahani kuna mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea, na kichwa hicho hakigusi kitu. Kinaelea kwenye hewa inayoburutwa na mzunguko wenyewe, nanomita chache tu kutoka kwenye sahani, wakati unene wa unywele ni makumi ya maelfu ya nanomita. Kikigusa, kinakwaruza utando wa sumaku uliobeba mafaili yako, na hapo omba Mungu.

Sasa chukua meza ya kawaida, yenye kimo cha sentimita 75. Laptopu ikidondoka kutoka hapo inafika sakafuni kwa takriban sekunde 0.4. Mkono unatakiwa uwe umeshaondoka juu ya sahani kabla ya kishindo. Mwaka 2003 IBM walianza kuweka kwenye ThinkPad sensa inayotambua kwamba mashine imetikisika au iko hewani. Apple wakafuata mwaka 2005, na hadi diski nyingine zikapewa sensa zao zenyewe. Sensa ikishtuka, mkono unarudishwa upesi kwenye maegesho yake pembeni. Hiyo ndiyo "tk". Siku nilipolijua hili nilikaa kitandani nikiinyanyua na kuishusha kwa starehe tupu. Na kuna zaidi: umeme ukikatika ghafla, sahani inaendelea kuzunguka kwa nguvu ya mwendo wake, mota inageuka jenereta, na umeme huo mdogo unatosha kuurudisha mkono mahali pa salama. Nchi inayoujua mgawo wa umeme ilistahili kulifundisha somo hilo shuleni. Diski ya kwanza ya IBM, ya mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50, uzito wa karibu tani moja na uwezo wa takriban megabaiti 5. Ile haikuhitaji sensa. Hakuna katibu ambaye angeinyanyua.

Mwezi uliopita fundi mmoja aliisikia "tk" hiyohiyo. Hakufungua, hakupima. Alitega sikio, akatikisa kichwa.

"Dada, hadi diski imeshaondoka hii. Tubadilishe kabla haijala kazi zako."

Nikalipa. Akahamisha mafaili yote kutoka diski ya zamani, halikugoma hata moja, jambo ambalo maiti hafanyi. Diski aliyoweka nayo ikinyanyuliwa inasema "tk", maana nayo ina mkono na nayo inajua kuegesha. Kilichoongezeka ni "krrr". Jana usiku, kalamu ilipowekwa chini, nilifungua kifuniko cha chini kwa bisibisi. Skrubu nyeusi, unene wake milimita 2, ikadondokea zulia. Tundu lake lilikuwa wazi palepale penye kishikio cha diski. Ilimponyoka, akafunga, akapokea hela.

 

Skrubu naisamehe. Siisamehe diski. Nilipoiulizia ile ya zamani nilijibiwa imetupwa, na mjini hapa hakuna anayetupa diski nzima. Iko ndani ya laptopu ya mtu, inaegesha vizuri kabisa, ikiwa na nakala ya kitambulisho changu, mkataba wa nyumba na picha za mama yangu akiwa hospitalini. Faili likifutwa tu halitoki. Linabaki mpaka jingine liandikwe juu yake, na mwenye programu ya kufufua mafaili analisoma. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwenye meza ya fundi yule haijawahi kufika.

Kwa hiyo, msomaji, ukisikia "tk" moja unaponyanyua laptopu yako, endelea na kazi. Ukisikia tk-tk-tk ya mfululizo mashine ikiwa imetulia mezani na mafaili yanagoma kufunguka, hiyo ndiyo ya kuogopwa: nakili kazi zako kwanza, fundi baadaye. Kama laptopu yako ina diski ya SSD, humo hamna kinachozunguka. Tafuta kelele kwenye feni, bawaba au skrubu. Na ukimpelekea fundi, simama hapohapo, hesabu skrubu zinazotoka na zinazorudi, na kitakachotolewa ondoka nacho mkononi. Ni mali yako, ulishakinunua.