Mnyapara Aliyehama Nyumba: Mwongozo kwa Seli B Mgeni Kazini

Karibu kazini, ewe seli B. Kabla hujagawanyika, mfahamu MYC. Ni protini yenye kazi ya unyapara: halimi wala hapalilii, huamsha jeni nyingine tu. Tena peke yake hana nguvu. Mpaka ashikane na mwenzake MAX ndipo huidaka DNA penye herufi CACGTG, na jeni za kukua huanza kukimbizana. Usimchukie, maana bila yeye hungezaa. Uzuri wake hakai: nusu ya MYC iliyopo huvunjwa ndani ya dakika 30 hivi.

Sasa, unapokata jeni za kingamwili kwenye kromosomu ya 14 (na huna budi, ndiyo ajira yako) angalia unashona nini na nini. Wenzako wamewahi kuchukua kipande cha kromosomu ya 8, kwao MYC, wakakibandika kwenye jeraha la ya 14. Huko taa hazizimwi, maana kingamwili zinatakiwa usiku na mchana. Mnyapara ni karibu yuleyule. Amehama nyumba tu. Nawe utapigiwa kelele za kugawanyika mpaka kuche.

Malaria ikikuchokoza kila mara, utashika mkasi mara nyingi mno. Virusi vya Epstein-Barr vitakunong'oneza usife. Vipuuze. MYC akizidi, seli yenye adabu hujiua, na protini p53 ndiye hakimu wa shauri hilo. Kwenye uvimbe unaozaliwa na mshono ule wa 8 na 14, mara nyingi hakimu mwenyewe hukutwa ameharibika.

Ukikaidi, uvimbe wako utakuwa maarufu. Mwaka 1957, hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumwona mtoto aliyevimba mataya juu na chini, kulia na kushoto. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari maili 10,000 akiuliza hospitali baada ya hospitali ni wapi ugonjwa huo unaonekana. MYC hakukamatwa pale kwenye mshono mpaka 1982.

Na usijivunie kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Dawa ya siklofosfamidi huharibu DNA, na anayeinakili bila kupumzika huumia kabla ya jirani aliyelala. Kampala, miaka ya 1960, dozi chache zilitosha mataya kunywea kwa siku chache tu.