Baiskeli ya Matope, Baiskeli ya Vumbi

Nyumbani kwetu Busunzu mgeni hulala sebuleni, kwa sababu chumba cha wageni kimekaliwa na baiskeli. Zote ni za baba watoto, kila moja ina sababu yake ya kuwepo, na sababu hizo humweleza yeyote atakayekubali kuvuta kigoda. Siku moja mwenyekiti wa kitongoji alipita kuandikisha kaya. Alipouliza humu ndani mnaishi wangapi, mume wangu akaanza kuhesabu kuanzia chumba cha wageni.

Nimpe haki yake kwanza, maana nitamsema sana huko mbele. Hizi nyanda za juu za Kibondo na Kasulu hazina njia ya namna moja. Unashuka bondeni, unavuka kijito juu ya magogo, unapanda upande wa pili mpaka jasho likuingie machoni, na ukifika juu unaona bonde jingine. Mvua zikianza Novemba, udongo mwekundu hunata kwenye tairi, ukajaa kati ya gurudumu na madigadi, na baiskeli ikasimama kama iliyotiwa pingu. Ikifika Juni udongo ule ule ni vumbi, na barabara imejikunja makunyanzi ya kutikisa meno. Vijia vya shambani navyo ni mizizi na mawe mwaka mzima. Kwa hiyo mtu akisema baiskeli moja haitoshi, sina haraka ya kumwita mwongo. Ninachobisha ni pale hesabu yake inapoishia.

Ya kwanza tuliirithi. Ni Phoenix nyeusi ya Shanghai, ya baba mkwe, Mungu amrehemu. Magurudumu ya inchi 28, breki za vyuma, kengele, na keria pana ya kumkalisha mtu mzima na mtoto mgongoni. Ukiinama uitazame kwa karibu, utaona alama ya dhahabu ya yule ndege Phoenix bado imeng'ang'ania mbele, chini ya usukani, na pale goti la baba mkwe lilipokuwa likigusa, rangi imelika mpaka chuma kinang'aa. Haina gia. Kwenye mlima unateremka, unasukuma. Kwenye mteremko unaomba Mungu, kwani rimu ya chuma ikishalowa, mipira ya breki huteleza tu juu yake na baiskeli huendelea na shughuli zake.

Hapo ndipo maneno yalipoanzia. Baba watoto alishuka nayo kuelekea kijitoni siku ya mvua, akamalizia safari kwenye migomba ya jirani. Aliporudi, kabla hata ya kunawa, alitangaza kwamba Phoenix ni ya kiangazi. Sasa inatakiwa ya masika.

Ya masika ilipatikana Kasulu: mtumba, yenye gia, inchi 26, tairi za meno makubwa. Akaing'oa madigadi ili matope yapate pa kutokea. Wazo hilo nililisifu, mpaka aliporudi na mstari wa tope kutoka kiunoni hadi kisogoni, na shati lenyewe ni lile jeupe la kanisani. Afuaye ni nani? Gia nazo zilifanya kazi vizuri kwa muda wake, kisha udongo ukaingia kwenye kile kidude cha nyuma kinachohamisha cheni. Tangu hapo ina gia moja, nayo ndiyo nzito kuliko zote.

Ya tatu ni ya mizigo. Avon ya India, uma wa mbele umeongezewa nondo kwa fundi wa kuchomelea, keria nayo ni nondo tupu. Kwa desturi baiskeli za mtindo ule wa zamani wa Kiingereza hupewa spoki 32 mbele na 40 nyuma, kwa kuwa uzito wote hukaa nyuma, na fundi wetu akaona hata hizo 40 hazitoshi, akazifunga kwa waya pale zinapopishana. Inabeba gunia la maharage la kilo 100 bila kulalamika. Ikiwa tupu, inayolalamika ni mikono ya mwenye kuisukuma.

Ya nne si baiskeli. Ni fremu ya Swala, zile zilizokuwa zikiunganishwa Dar es Salaam enzi za mashirika ya umma, haina gurudumu, haina usukani, imetundikwa ukutani pale palipokuwa kichwani pa kitanda cha wageni. Naambiwa ni ya kumbukumbu. Mama mkwe, ambaye ndiye mwenye kumbukumbu nyumba hii, anasema marehemu hakuwahi kumiliki Swala hata siku moja.

Kama mambo yangekomea hapo ningenyamaza. Lakini baiskeli zikishakuwa kadhaa, kila kitu chake kinakuwa kadhaa. Tyubu ya Phoenix ina valvu ya kizamani, ile yenye kimpira chembamba ndani; tyubu ya ile ya gia ina valvu kama ya gari. Pampu ya hii haiingii kwenye ile. Tairi la 26 halivai rimu ya 28 hata ulisihi. Kabati la vyombo likajaa solusheni, viraka, gololi ndani ya kikombe cha chai, na spoki zilizovunjika, ambazo kusema kweli hizo nilizipenda, kwa kuwa zikinolewa ncha ni nzuri kwa mishikaki. Siku moja nilimimina chai ya mgeni nikasikia kitu kinagonga chini ya kikombe. Mgeni alikuwa mzee wa kanisa. Alikunywa akamaliza, akaiweka gololi mezani bila neno, akauliza hali ya mazao.

Kisha shemeji yangu akaja likizo kutoka Dar es Salaam na simu yake kubwa. Jioni wakakaa barazani wakitazama video za watu wanaosimama juu ya mbao na kuteleza na mawimbi ya bahari. Mimi nilikuwa nachambua maharage, sikuangalia, lakini masikio hayana kifuniko. Mzungu mmoja wa California alikuwa akionyesha banda lake la mbao hizo. Ubao mrefu wa futi tisa na zaidi ni wa wimbi dogo na vivu, kwa sababu unaelea vizuri na kulidaka wimbi mapema. Mfupi ni wa wimbi lililosimama wima, upate kukata kona. Upo mwingine mrefu mwembamba wenye ncha, wa mawimbi makubwa kama yale ya Waimea huko Hawaii, ambako wimbi likiwa kubwa mwanadamu huonekana chini yake ukubwa wa sisimizi. Mtu hawezi kuwa na ubao mmoja, akasema yule bwana, ila kama amekubali kuteleza siku moja na kukaa nyumbani siku nyingine.

"Umesikia, mama watoto?" mume wangu akaniita. "Yule ni mtu mzima mwenye akili zake. Ana mbao zinajaza banda, na mkewe amesimama pembeni anacheka."

"Anacheka kwa sababu mbao hazidondoshi grisi kwenye shuka," nikamjibu.

"Sisi mawimbi yetu ni hivi vilima," akamwambia ndugu yake, hakunijibu mimi. Nikajua kuna kitu kinakuja.

Kilikuja kwa sura ya chukudu. Aliiona kwenye simu ile ile: gari la mbao la magurudumu mawili linalotumika Goma, Kongo ya mashariki, usukani juu, ubao mpana wa kupakia, dereva amepiga goti moja na mguu mwingine unasukuma chini. Watu wa Goma wanaiheshimu kiasi cha kuisimamishia sanamu mjini, na wanashuka nayo kutoka milimani na mamia ya kilo za viazi na makaa. Fundi seremala wa jirani akatoa mkaratusi, magurudumu akayavisha vipande vya tairi, na breki ikawa ulimi wa mpira unaokanyagwa juu ya gurudumu la nyuma. Chukudu hiyo ikaingia chumba cha wageni kwa tabu. Ndipo kitanda kilipotoka, nacho hakijarudi.

Sasa sikilizeni ya siku ya gulio. Wanunuzi wa maharage walitangaza kufika barabarani asubuhi, na bei yao ilikuwa ya kumtoa mtu shambani mbio. Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha. Nikasema moyoni, haya, leo faida ya baiskeli zote hizi tutaiona. Baba watoto akaingia chumbani mwa baiskeli, akakaa humo muda mrefu, akatoka akijifuta mikono.

Ya masika haikuwa na cheni, maana cheni yake alikuwa ameikata akaongezea ya mizigo. Ya mizigo haikuwa na gurudumu la nyuma, lilikuwa kwa fundi likibadilishwa friwili, na friwili yenyewe ilitakiwa itoke kwenye Phoenix. Phoenix basi ilisimama bila friwili na bila upepo, na pampu yake shemeji alikuwa amemwazima jirani ambaye alishaondoka kwenda Kibondo. Ya kumbukumbu ilikuwepo ukutani, salama.

"Tutakwenda na chukudu," akasema.

Gunia likapakiwa, likafungwa kwa mikanda ya tyubu kuukuu. Mwanzoni alikuwa anaenda vizuri, hilo sitamnyima. Goti moja juu ya ubao, kofia kichwani, watoto wa shule wanamkimbilia nyuma wakishangilia. Ila njia ya kutoka kwetu kwenda barabarani hupita mbele ya nyumba ya mama mkwe, na ni mteremko, na asubuhi hiyo mama mkwe alikuwa ameona jua linachomoza akatandika turubai uani, akaanika makopa yake ya muhogo, meupe, yaliyokuwa yamebakiza jua la siku moja yaende mashineni.

Nilimwona akikanyaga breki. Ulimi wa mpira ulikuwa umelowa. Chukudu ikaacha njia yenyewe, ikapita katikati ya kuku, ikaingia turubaini na kuondoka na nusu yake, ikasimama kwenye ukuta wa choo. Gunia likapasuka. Maharage yakachanganyika na makopa na matope, na baba watoto akakaa katikati akitazama mikono yake kama ipo yote.

Mama mkwe hakupiga kelele. Alimkagua mwanawe kwanza, akaona hajavunjika, kisha akaniita: "Mkamwana, lete ungo." Tulichambua mpaka mchana. Wanunuzi walikuja wakaondoka. Tulipomaliza, mama mkwe akanawa, akaenda chumba cha wageni, akaiburuta Phoenix ya mumewe ikiwa haina upepo mpaka kwake, akaifungia ndani. Friwili akaidai, ikarudi siku ile ile. Fundi alipewa tyubu mpya ya kufunga, na malipo yalikuwa jogoo wa mwanawe, si wa kwake.

Tangu hapo Phoenix ndiyo baiskeli pekee inayotembea ukoo mzima, na mama mkwe ana utaratibu wake. Anayeitaka hulipa kwanza. Mwanawe wa kumzaa hulipa sawa na jirani, na akirudisha ikiwa na matope, hulipa tena. Mimi hunipa bure, jambo ambalo baba watoto amelipeleka kwa wazee, na wazee wamesema hawaoni kosa. Nimeitumia kiangazi na masika. Kwenye mteremko uliolowa nateremka nakokota, na sijawahi kuingia kwenye migomba ya mtu.

Mngedhani baba watoto amejifunza. Basi ikaja lami. Barabara ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, kilomita 260, ikaanza kujengwa kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, na hii njia ya kwenda Kibondo na Kasulu iliyokuwa ikitunyima usingizi masika ikawa inapitika kwa viatu vya kanisani. Mimi nilifurahi kwa ajili ya wagonjwa na maharage. Mume wangu alisimama pembeni mwa lami, akaibonyeza kwa kidole cha mguu, akanyamaza kwa namna ninayoijua.

Usiku akaniambia, kwa sauti ya chini ili mama yake asisikie, kwamba hakuna hata moja kati ya zile za chumbani inayofaa lami. Tairi zote ni nene mno, zinakula nguvu za mtu bure. Inatakiwa nyepesi, tairi jembamba, usukani uliopinda kama pembe. Kuna mtu Kasulu anayo, anataka arubuni tu.

Arubuni nimekataa kutoa. Magunia ya maharage yako chini ya kitanda changu sasa, ufunguo uko kwangu, na kitanda cha wageni nimemwambia kirudi chumbani kwanza ndipo tuzungumze. Jana nimemkuta amesimama humo na kamba ya kupimia, anaangalia dari.